Makanisa na uskauti: Jina la dhehebu halikutosha kuwalinda watoto

UHUSIANO wa makanisa na chama cha skauti cha Marekani, Boy Scouts of America, una zaidi ya miaka mia moja. Chama hicho kiliundwa 1910, miaka mitatu baada ya Mwingereza Robert Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, kuanzisha uskauti. Kanisa la Mormon lilikuwa mdhamini wake wa kwanza mnamo 1913. Wamethodisti, Wakatoliki na madhehebu mengine pia walidhamini vikosi.

Chini ya mpango huo, kanisa lilitoa ukumbi na kuidhinisha viongozi wa kikosi, huku chama kikitoa kanuni na mafunzo. Kwa wazazi wengi, jina la kanisa lilitosha kuwa dhamana. Hata hivyo, majukumu yalipogawanywa hivyo, ilikuwa rahisi kila upande kudhani kwamba mwenzake ndiye mlinzi wa watoto.

Tangu miaka ya 1920, makao makuu yaliweka faili za siri za watu waliopigwa marufuku, wakiwemo walioshukiwa kuwadhulumu watoto kimapenzi. Mnamo Oktoba 2012, kufuatia amri ya Mahakama ya Juu ya jimbo la Oregon, zaidi ya faili 1,200 za kati ya 1965 na 1985 ziliwekwa wazi. Zilionyesha kwamba visa kadhaa havikufikishwa kwa polisi.

Mnamo 2010, mahakama mjini Portland ilielezwa kuwa kiongozi wa kikosi kilichodhaminiwa na Wamormon alikiri mbele ya askofu wake mnamo 1983 kwamba alikuwa amewadhulumu wavulana 17, lakini akaendelea kutangamana na maskauti. Chama kiliamriwa kulipa dola milioni 18.5 kama adhabu, mbali na fidia.

Wamormon walijiondoa mwishoni mwa 2019 na kuanzisha mpango wao wenyewe wa vijana. Februari 2020, chama kiliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na zaidi ya watu 82,000 wakawasilisha madai. Mpango wa fidia wa dola bilioni 2.46 uliidhinishwa 2022, Wamethodisti wakiahidi kuchangia dola milioni 30. Mchango wa dola milioni 250 wa Wamormon ulikataliwa na jaji, kwa kuwa ungelikinga kanisa hilo kupita kiasi dhidi ya madai mengine.

Chama hicho, ambacho tangu Februari 2025 kinaitwa Scouting America, kinahitaji angalau watu wazima wawili katika kila shughuli, na hairuhusiwi mtu mzima kujitenga na mtoto. Viongozi huchunguzwa rekodi za uhalifu na hupitia mafunzo ya lazima.

Kwa mzazi, basi, la kuuliza kabla ya mtoto kwenda kambini si kikosi ni cha dhehebu gani, bali ni nani watakaokuwa naye, nani aliyewachunguza, na malalamishi yatapelekwa kwa nani.