Makorongo ya Kondoa na Kesi ya Ng'ombe

Mwaka 1979 serikali ya Tanzania iliondoa mifugo yote katika sehemu ya Kondoa iliyoharibiwa na mmomonyoko, eneo la kilomita za mraba 1,256 hivi. Amri hiyo ilitekelezwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mifugo imezidi, nyasi zimekwisha, mvua inachimba makorongo. Maofisa wa kilimo wa Kiingereza waliishikilia hoja hiyo tangu miaka ya 1930, na serikali huru ikairithi bila kuihoji sana. Ilidumu muda wote huo kabla swali lake kuu, makorongo yalianza lini, halijapimwa.

Nguvu yake ya kwanza ilikuwa macho. Aliyesimama kwenye vilima vya Irangi, huko Kondoa, aliona bonde jekundu lililopasuka, na kando yake ng'ombe; ushahidi na mshtakiwa mahali pamoja. Halafu ikapata mwenza katika elimu ya jamii. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits aliandika juu ya uzito wa ng'ombe katika utamaduni wa Afrika Mashariki, na wengi wakamsoma kana kwamba amesema mfugaji hujaza zizi kwa fahari tu. Nadharia ya udongo ikaeleza madhara. Ile ya jamii ikaeleza kwa nini mkosaji hatajirekebisha bila kulazimishwa. Zikawa mashahidi wawili wanaonukuliana. Nadhani lililozidi yote ni kwamba nadharia hii ilimpa ofisa la kufanya: ng'ombe huamriwa kuhama, mvua haiamriki.

Mguu wa kijamii ndio uliotikiswa mapema. Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 juu ya mifugo na ukoo kwa Wagogo wa Dodoma, alionyesha kwamba ng'ombe wa Mgogo hufunga udugu, hulipa mahari, na hugawanywa kwa jamaa wa mbali ili ukame wa sehemu moja usiwamalize wote. Hiyo ni hesabu ya mtu anayeijua nchi yenye mvua za kubahatisha.

Mtetezi wa HADO atasema vipimo vilikuwepo, na nyasi zilirudi. Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala walipima mchanga uliojaza mabwawa kama Ikowa na Matumbulu, wakaona udongo unapotea kwa kasi kubwa. Na mifugo ilipotoka Kondoa, uoto ulirudi haraka. Lakini kasi ya leo haisemi safari ilianza lini, na nyasi kurudi kunathibitisha kwamba ng'ombe hula nyasi, jambo ambalo halikuhitaji mradi. Dawa kutuliza homa si ushahidi wa kilicholeta homa.

Baadaye wanasayansi walipima umri wa tabaka za udongo zilizolala chini ya vilima hivyo, kwa mbinu inayoonyesha chembe za mchanga zilipigwa na jua lini mara ya mwisho. Tabaka za zamani zaidi zilizidi miaka 10,000, enzi hali ya hewa ilipobadilika na kabla ya zizi lolote. Wimbi jingine, linalohusishwa na binadamu, lilianza karne nyingi kabla ya Mwingereza kufika. Kipimo hicho kingeweza kutoa jibu jingine: kama tabaka zote zingekuwa za karne ya ishirini, ng'ombe wangebaki na hatia. Ndiyo maana kina uzito kuliko picha ya korongo, ambayo ingesomwa vilevile vyovyote iwavyo.

Hapo atainuka mwingine aseme basi ng'ombe hawana kosa. Hapana, malisho yaliyozidi yalizidisha jeraha la kale, na kufyeka vichaka kwa ajili ya mbung'o wakati wa Waingereza nako hakukusaidia. Kilichoanguka ni dai la chanzo kimoja, na dai hilo ndilo lililohamisha mifugo ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walianza kurudishwa Kondoa, safari hii wa maziwa, wakifungwa zizini na kuletewa majani.