UNDERGROUND: Filamu ya uongo uliozika taifa

Underground ni filamu ya mwelekezi Emir Kusturica, mzaliwa wa Sarajevo, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka wa 1995.

Kisa chaanzia Belgrade mnamo Aprili 6, 1941, mabomu ya Wajerumani yanapouangukia mji. Marko awaficha jamaa na marafiki handakini, akiwemo swahiba wake Blacky, waunde silaha. Vita vyaisha 1945 lakini hawaambii. Kwa takriban miaka 20 waendelea kuunda bunduki za kumpiga adui asiyekuwepo, naye aziuza huku akipanda vyeo serikalini.

Sokwe aingiapo kifaruni na kufyatua mzinga, ukuta wabomoka. Blacky atoka, akuta filamu ya ushujaa wake ikipigwa, na kwa kudhani ni vita halisi ampiga risasi mwigizaji mwenye sare za Kijerumani.

Vicheko vyafifia hadithi ifikapo 1992, Yugoslavia ikisambaratika. Mwanafalsafa Mfaransa Alain Finkielkraut aliishutumu filamu hiyo kuwa propaganda ya Waserbia. Hata hivyo, viongozi wake si mashujaa bali walaghai. Mwishoni wahusika wacheza ngoma harusini, kipande cha nchi kikimeguka na kuelea majini, wasitambue.