Mionvu Hakuwa Mnyang'anyi

Waha wa milimani wameshuka Uvinza kufuata chumvi kwa karne nyingi. Maji ya chumvi ya pale, karibu na Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa hiyo nilianzia huko, nikapanda kuelekea Kasulu.

Nchi hii ina kisa chake: Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikatiza pembe ya kusini ya Buha, nchi ya Waha, akimtafuta mmisionari David Livingstone. Mionvu, mkubwa wa Kimenyi, mtu mrefu aliyevaa joho jekundu, alimdai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya doti 100 za nguo. Wakavutana hadi 75. Stanley aliposikia kwamba mbele wapo wakubwa wengine wanaongoja zao, aliutorosha msafara usiku kupitia porini. Mwanamke mmoja akashikwa na hofu na kupiga mayowe, wakamziba mdomo. Baada ya siku chache alikuwa Ujiji, na kitabu chake kikawaacha Waha na sifa ya ulafi.

Lakini msome Stanley vizuri. Mwenyewe anamtaja Mionvu kwa cheo: mtware. Mtware alikuwa mtu wa Mwami, yaani mfalme, akitawala eneo na kukusanya ushuru kwa niaba yake. Pembeni yake alikuwepo mteko, mwenye dhamana ya ardhi na matambiko yake. Huo ulikuwa utawala, tena wenye ngazi. Leo lori kutoka Burundi likifika Manyovu linasimama kulipa ushuru, na hakuna anayemwita afisa wa forodha jambazi.

Heru Juu, juu ya Kasulu, ni migomba, maharage na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Salamu haziendi haraka: makofi yanapigwa taratibu, mdogo akiinama, habari za nyumbani zikiulizwa moja moja. Nilipomgusia mzee mmoja habari za hongo, alicheka. “Sasa mwanangu, mgeni apite kwa mtu bure?”

Hapa ndipo palipokuwa makao ya akina Ntare, watawala wa ufalme wa Heru. Mwaka 1946 kiti kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, wakati ambapo machifu wa Tanganyika karibu wote walikuwa wanaume. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Ukiendelea kaskazini hadi Kibondo na Kakonko, falme nyingine za Waha, Muhambwe na Buyungu, bado zimo kwenye karatasi za kura, kama majina ya majimbo ya ubunge. Heru haikupata jimbo.