Kalamu na Kinywa: Historia ya Somo Moja katika Universite ya Lubumbashi



Kila mwaka, mitihani inapokaribia, twasikia wanafunzi wa muji wetu wakinungunika juu ya somo moja. Si Kilatini, wala si hesabu. Ni lile somo la njia za kutafuta ukweli, linaloitwa kritiki ya historia, ao metodi za utafutaji. Hakuna mwanafunzi wa historia anayeweza kulikwepa. Asipofaulu humo, hawezi kuandika memwari, ndiyo kile kitabu cha kumaliza masomo. Basi wanauliza: «Somo hili latufaa nini? Halitufundishi habari ya mufalme hata mumoja. Latufundisha tu kuuliza: nani alisema neno hili, alilisema lini, naye alilijua namna gani?»

Sisi tunataka kuwajibu, si kwa kuwagombeza, bali kwa kuwasimulia historia ya somo lenyewe hapa Lubumbashi. Wanafunzi wa zamani walilichukia vilevile, lakini lilipowapeleka katika kambi za wafanyakazi, walikuta humo neno ambalo silabusi haikuwaambia.

I. Somo hili lilitoka wapi

Mutu asizani ya kuwa somo hili ni mugeni katika Kanisa. Mutakatifu Luka, katika mwanzo wa Injili yake, anaeleza ya kuwa alichungua mambo yote tangu mwanzo, akifuata ushuhuda wa wale walioyaona kwa macho yao. Katika mwaka 1681, mumonaki Mubenediktini wa Ufaransa, Jean Mabillon, alitoa kitabu kikubwa cha Kilatini, De re diplomatica, kinachoonyesha namna ya kutenga karatasi za kweli na za uongo: kwa kuangalia mwandiko, tarehe, muhuri na maneno yenyewe. Sisi watu wa Katanga tukumbuke ya kuwa Wabenediktini ndio waliokuja huku mwaka 1910 kuanzisha misioni. Na Papa Leo XIII alifungulia wataalamu nyumba ya karatasi za Vatikano katika mwaka 1881. Miaka miwili nyuma yake akaandika barua kuwakumbusha waandishi wa historia wasisubutu kusema uongo, wala wasiogope kusema kweli.

Hapa kwetu, universite ilianzishwa kwa amri ya 26 Oktoba 1955, ikafungua milango mwaka 1956, muji ungali ukiitwa Elisabethville. Masomo yake yalipangwa kwa namna ya Ubelgiji, na kritiki ya historia ilikuwa musingi wake.

Lakini shida ilionekana upesi. Kanuni za kritiki zilitungwa kwa ajili ya karatasi. Basi, karatasi za inchi hii ziliandikwa na nani? Na Bula Matari, na kampuni, na sisi watu wa misioni. Mutu aliyechimba shaba hakuacha barua. Mama aliyelima shamba nyuma ya kambi hakuacha kitabu. Kama mwanafunzi angefuata kanuni bila kuigeuza, wazazi wake wenyewe wangekuwa watu wasio na historia, isipokuwa pale jina lao lilipoandikwa katika kitabu cha kodi ao cha ubatizo.

Mutu aliyesaidia kutoka katika shida hiyo ni Jan Vansina, Mubelgiji. Yeye alikuwa amesomea historia ya Ulaya ya zamani, kisha, kuanza mwaka 1952 na 1953, akakaa kati ya Wakuba wa Kasai. Huko muzee mumoja alimufahamisha ya kuwa wao pia wana magazeti yao, lakini wanayabeba katika vichwa. Vansina akaona ya kuwa neno la kinywa laweza kupimwa sawa na karatasi: unauliza nani alilipokea kwa nani, kwa faida gani linasemwa, na kama wengine wanalisema vilevile. Kitabu chake juu ya mapokeo ya kinywa kilitoka mwaka 1961.

II. Wanafunzi wanaingia katika kambi

Mwezi wa Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium walitaka kukumbuka wenzao waliouawa Kinshasa tarehe 4 Juni 1969. Serikali ikawaingiza katika jeshi kwa nguvu. Mwezi wa Agosti, universite zote tatu, yaani Lovanium ya Wakatoliki, ile ya Serikali ya hapa kwetu, na ile ya Waprotestanti ya Kisangani, zikaunganishwa kuwa Universite moja ya Taifa ya Zaire. Masomo ya luga, ya historia na ya maisha ya watu yakahamishiwa Lubumbashi.

Mupango huo ulifanywa ili wanafunzi watawaliwe, wala si kwa faida ya historia. Lakini ulileta jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: vijana wa inchi nzima waliosomea historia walijikuta katika muji wa wafanyakazi, wenye kambi za Union Minière, iliyokwisha kuwa Gécamines, na wazee waliokuja huku kazini tangu ujana wao. Walimu kama Bogumil Jewsiewicki waliwatuma kuandika maisha ya watu. Kazi zao zilianza kutolewa katika vitabu vilivyoitwa Likundoli, neno la Kilingala lenye maana ya kufukua kitu kilichozikwa.

Kufukua si kazi nyepesi. Mwanafunzi aliyetoka Bandundu alikuwa amejifunza kanuni zote kwa Kifaransa, na sasa yampasa kuuliza kwa Kiswahili cha Katuba na cha Kenya. Na tena, katika miaka ya Bula Matari, nani aliyekuja mulangoni na kalamu na kaye akiuliza jina la mutu, kabila lake, na siku aliyoanza kazi? Polisi, mutoza-kodi, na karani wa kampuni. Muzee akiona kaye, alifunga kinywa, ao alijibu neno lile alilozania kijana analitaka. Silabusi ilisema: «Uliza shahidi.» Haikusema ya kuwa shahidi naye atakuuliza: wewe ni mutoto wa nani, na maneno yangu unayapeleka wapi?

Kisha wenye masomo waliona jambo lingine la kuwanyenyekeza. Muji haukungojea universite ili kuandika historia yake. Katika mwaka 1965, André Yav alikuwa amekwisha kuandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya Elisabethville kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu na kusikia maneno yote. Johannes Fabian, aliyekuwa mwalimu hapa katika miaka ile, alikitoa katika kitabu mwaka 1990. Ni Fabian huyu pia ambaye Tshibumba Kanda Matulu alimuchorea, mwaka 1973 na 1974, picha karibu 100 za historia ya inchi yetu. Karani na mufundi wa picha walikuwa mbele ya wanafunzi.

III. Wafu wa tarehe 9 Desemba 1941

Tuangalie jambo moja, maana ndipo somo hili linapopimwa.

Mwanzo wa Desemba 1941, bei ya vitu ikiwa imepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi weusi wa Union Minière walikataa kushuka kazini, wakidai mushahara uongezwe. Tarehe 9, katika Elisabethville, walikusanyika katika kiwanja cha mupira. Gavana Amour Maron akaja pamoja na askari. Léonard Mpoyi alisema kwa ajili ya wenzake. Askari wakapiga bunduki, na Mpoyi akawa mumoja wa wafu.

Walikufa wangapi? Karatasi za Serikali zilihesabu karibu 50. Waandishi wa nyuma wakaandika 70 hivi. Kinywa cha kambi chasema mamia. Na nani alimuua Mpoyi? Wengi husimulia ya kuwa gavana mwenyewe alimupiga.

Mwanafunzi muvivu atafanya moja la mambo mawili. Ao atasema: «Karatasi ina tarehe na sahihi, basi tufuate karatasi.» Ao atasema: «Wazee hawasemi uongo, basi tufuate wazee.» Wote wawili hawajajifunza kitu. Karatasi ya Serikali iliandikwa na wale waliotoa amri ya kupiga. Je, washitakiwa wahesabu wafu wao wenyewe? Lakini kinywa nacho kimepita miaka mingi, kimechanganya maombolezo ya wajane, hofu ya watoto, na vifo vingine vya kambi. Hesabu yake haituambii tu idadi ya maiti. Yatuambia ukubwa wa kidonda.

Mwandishi mwaminifu ataandika zote mbili, na mbele ya kila moja ataweka jina la aliyeisema. Hatazipatanisha kwa kugawanya katikati, kana kwamba wafu ni kodi ya soko.

IV. Siku wanafunzi walipokuwa washahidi

Zaidi ya miaka 48 ikapita. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika nyumba za wanafunzi wa Universite ya Lubumbashi na kuwashambulia. Serikali ya Mobutu ilikubali mufu mumoja tu. Wengine walitaja makumi, wengine zaidi sana. Ubelgiji ulikata musaada wake, na Mobutu akakataa uchunguzi wa mataifa.

Tuwaze kidogo juu ya jambo hili. Vijana waliokaa darasani wakipima hesabu ya 1941, wakinungunika ya kuwa ni mambo ya kale, sasa wao wenyewe ndio wenye kuulizwa: uliona nini, ulikuwa wapi, ulisikia kwa nani? Sasa wao walikuwa kinywa, na Serikali ilikuwa karatasi. Wengi walikimbia muji. Wengine walinyamaza, sawa na wazee wa kambi walivyonyamaza mbele ya kaye. Anayesema leo ya kuwa somo hili ni la kupata maksi tu, auliwazie usiku huo.

Nyuma ya hayo kazi haikufa. Tangu mwaka 2000, mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na wenzake waliwaita wakaaji wa muji walete maisha yao, na hata vyombo vya nyumbani vyenye ukumbusho, katika mupango unaoitwa Ukumbusho wa Lubumbashi. Katika mwaka 2001 Dibwe alitoa kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi, na katika jina la kitabu hicho anawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni, iliyowapa nyumba, shule na posho, kisha mikono yake ikalegea.

V. Faida yetu

Sisi wenyewe tulipofika katika somo hilo, tulitumwa kwa muzee mumoja aliyefanya kazi ya mashimo miaka mingi, kisha akaacha kazi kwa mupango ulioitwa katika karatasi «kuondoka kwa kupenda». Tulikwenda na maswali 20 tuliyoyaandika mbele. Aliona kaye, akauliza:

«Mwanangu, hii ni liste ya malipo?»

«Hapana, Baba. Ni ya masomo.»

«Basi anza kwa kuandika jina langu vizuri.»

Tulikuwa tumelikosea. Tukalisahihisha, tukasikiliza, tukaandika kazi yetu, tukapata maksi. Kwa bahati mwalimu wetu alitulazimisha kurudi na kumusomea muzee yote. Alisikiliza kwa kutikisa kichwa, mupaka tulipofika pahali tulipoandika ya kuwa alifukuzwa kazini. Akainua mukono.

«Sikufukuzwa. Nilitia sahihi.»

Tukajibu kwa haraka: «Basi, Baba, tuandike ya kuwa ulipenda mwenyewe.»

«Hapana. Andika yote mawili. Nilitia sahihi, na watoto walikuwa na njaa.»

Sisi, kwa kumuhurumia, tulikuwa tumemuondolea tendo lake. Karatasi, kwa kujitetea, ilikuwa imemuondolea njaa yake. Yeye alidai vyote viwili. Tangu siku ile hatukuuliza tena kama somo hilo lafaa kitu.

Basi, ninyi waseminari, msome kanuni hizo kwa moyo. Siku moja mutachunga vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na mutasoma kumbukumbu za kila siku ambazo mapadri wa kwanza waliziandika misioni. Muzipende, lakini muzipime. Zinasema padri aliona nini. Mara nyingi hazisemi mwanamuke aliyebatizwa alifikiri nini, wala jina la katekista aliyemufundisha miezi mingi mbele padri hajafika.

Na ninyi makatekista, ambao wengi hamukupita katika universite, kazi hii ni yenu pia. Katika kila kapela kuna muzee anayejua nani alijenga ukuta wa kwanza, nani alisali na wagonjwa wakati wa vita. Mwende kwake. Muandike jina lake bila kosa, tarehe, na pahali. Mutenge yale aliyoyaona kwa macho na yale aliyoyasikia kwa wengine. Kama wawili hawapatani, musichague anayependeza. Muandike wote wawili. Na mbele ya kufunga kaye, murudi, mumusomee. Akiinua mukono, mungoje.