Udarizi wa Mkono katika Kambi za Shaba za Kambove

Reli ilifika Kambove, mji wa shaba ulio karibu na Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1913, lakini udarizi, yaani kupamba kitambaa kwa sindano na uzi wa rangi, ulistawi katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga baada ya kampuni hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuanza kuwahimiza wachimbaji waishi kambini na wake zao. Katika vituo vya mafunzo ya wanawake, vilivyoitwa foyer social, kushona, kufuma na kudarizi vilifundishwa pamoja na malezi ya watoto. Shabaha ilikuwa kumfunga mke nyumbani, na jambo hilo halistahili kufichwa. Hata hivyo ustadi wenyewe ulibaki mikononi mwa wanawake. Kwa kuwa ua moja la mshono wa kujaza, ambao nyuzi zake hulazwa sambamba hadi kitambaa kisionekane, laweza kula alasiri nzima, mdarizi huwa na kazi kadhaa kwa pamoja: foronya ikingoja uzi uliokwisha, kitambaa cha meza hubanwa kwenye duara la mbao. Mwaka 1967 serikali iliitaifisha migodi, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likarithi pia huduma za jamii za kambini.