Aliyeshika Kibodi Ako Wapi?

Wasee, tukiongea historia ya muziki wa Nairobi, tunataja walioshika maiki. E-Sir, Nameless, Nonini, Jua Cali. Sawa, heshima zao. Lakini aliyekuwa kwa kompyuta tunamsahau, na bila yeye hakuna ngoma.

Hebu cheki. 1997 Hardstone alitoa "Uhiki", Kikuyu ikikutana na Marvin Gaye. Aliyepika ile saundi ni prodyuza Tedd Josiah. Mwaka uliofuata Tedd akatoa Kenyan: The First Chapter, mkusanyiko wa wasanii waliokuwa wanachipuka. Kisha South C wakaja ndugu wawili, Lucas na Francis Bikedo, wale wa Ogopa Deejays. Kule California, Eastlands, Clemo akatupa genge. Hao wote walipenda muziki, sawa, lakini pia walielewa mashine. Hiyo ndiyo ilibadilisha mambo.

Zamani studio ilikuwa ni vyombo vya pesa mingi, na ukiingia saa inahesabiwa. Halafu 1997 huko Ubelgiji ikatoka programu inaitwa FruityLoops, siku hizi FL Studio. Kompyuta ya mtumba tu, na unaweza kupanga ngoma, besi na kinanda bila kununua hata kimoja. Nakala zikapita mkono kwa mkono. Studio ikahama kutoka jengo ikaingia chumba cha kulala.

2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaanza kuwa ya watu wengi. 2010 Just A Band, kundi lililoanzia Kenyatta University, wakaachilia video ya "Ha-He" na Makmende akatembea dunia nzima. Walijifanyia karibu kila kitu: biti, picha, video.

Sasa panda namba 8 uende Kibera, ile namba iliyompa Octopizzo jina lake, ama 46 uende Kawangware. Utapata chumba cha mabati, godoro limewekwa ukutani limeze mwangwi, laptopu moja, na kijana anaomba stima isipotee kabla hajasevu. Hiyo ndiyo historia inayoendelea sahi.

Shida ni hii. Mimi hutengeneza video za muziki wetu, na nikitafuta nani alipika biti fulani ya mtaa, nagonga mwamba. Ngoma ilipita WhatsApp bila jina. Faili imeandikwa "final final 2". Laptopu iliibiwa, stori ikaisha. Msanii akipata shoo, prodyuza anapata "asante bro".

Na si jina tu, ni pesa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua aliyepanga rekodi ifanyike kama mwenye rekodi hiyo. KECOBO nao wana mfumo wa kusajili kazi kwa mtandao. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejulikana.

Kwa hivyo, kama unapika biti Gatwekera ama Gatina: weka jina lako kwa faili. Hifadhi nakala mahali pengine. Kubalianeni asilimia kabla ya kurekodi, hata kwa meseji, mradi imeandikwa. Na wewe msanii, ukipakia ngoma, taja aliyeipika.

Tedd na Clemo tunawajua kwa sababu majina yao yalitajwa. Wa Kibera na Kawangware nani atawataja, kama si sisi?