Mlango wa Pipa

Makaratasi ya gari yanapotea. Sisi tuliovuka mipaka na mifuko ya nailoni tunalijua hilo kuliko wengine. Lakini ile mianya iliyo kati ya mlango na nguzo, kati ya boneti na madigadi, haipotei. Ukijua kuisoma, itakuambia gari liligongwa wapi, likafunguliwa mara ngapi, na ni miaka gani ambayo nchi haikuwa na vipuri.

Mimi ni fundi wa bodi. Kazi nilijifunzia Bukavu, na kule tulijiita tolie, neno tulilorithi kwa Kifaransa cha Wabelgiji. Boneti tuliita kapo, bampa tuliita parashoki. Nilipofika Kampala ilibidi nijifunze vyuma vilevile kwa majina mengine. Nyundo tu ndiyo haikuhitaji tafsiri. Katika makala hii nataka kusimulia historia ya pikapu moja, Land Rover Series IIA ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli, na mlango wake wa kulia.

Tuanze mbali kidogo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka mitatu tu nyuma. Uingereza bado ilikuwa inagawa chuma kwa kipimo, lakini aluminiamu ilipatikana. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakatengeneza bodi kwa aloi ya aluminiamu iliyoitwa Birmabright, wakaifunga kwa boliti juu ya shasi ya chuma. Fedha za mitambo mikubwa ya kukandamiza mabati hazikuwepo, ndiyo maana sehemu nyingi ni bapa, zimekunjwa tu. Gari lenyewe lilifikiriwa kuwa la muda, la kuisaidia kampuni ivuke kipindi kigumu. Yaani lilizaliwa kwenye shida, na pengine ndiyo maana lilitufaa sisi huku.

Mwaka 1958 ikaja Series II. Mbunifu David Bache akaipa ubavu uliotuna kidogo, na mkunjo mmoja unaoanzia madigadi ya mbele, unapita mlangoni, unaishia kwenye boksi la mizigo nyuma. Mkunjo huo ni mzuri, lakini kwa fundi ni mtihani. Zamani ubavu ulikuwa bapa, mlango ukishuka milimita tatu nani angeona? Sasa mkunjo ukikatika mlangoni, hata mtoto anaona. IIA ikafuata mwaka 1961, ikaendelea hadi 1971.

Halafu historia yetu wenyewe ikaingia ndani ya mabati.

Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Biashara nyingi zilikuwa mikononi mwao, na zilipogawiwa kwa wengine rafu zikabaki tupu. Upande wetu, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na Wazaire. Na kwetu rafu zikabaki tupu. Nchi mbili jirani, miezi kumi na tano tu kati yao, ugonjwa mmoja. Uganda watu wakaishi kwa magendo. Zaire wakaishi kwa "Article 15", ile sheria isiyoandikwa popote inayosema: jipange mwenyewe. Magari hayakuacha kugongwa kwa sababu vipuri vimekwisha. Basi kazi ikawa ya fundi.

Ndiyo hiyo niliyoiona kwenye pikapu hii. Nilipita na sumaku ubavuni, na huwa nafanya hivyo kabla ya kushika spana. Kwenye aluminiamu sumaku haishiki. Kwenye madigadi ikateleza, mlango wa kushoto ikateleza, boksi la mizigo ikateleza. Mlango wa kulia, tap! Ikanata. Nikakwaruza rangi. Chini kulikuwa na chuma cha pipa la mafuta, la lita 200, lililofunguliwa, likanyooshwa, likakunjwa upya juu ya fremu ya zamani. Mkunjo wa David Bache ulikuwepo, umepigwa kwa mkono, nyundo baada ya nyundo. Mwenye gari, mzee mmoja wa upande wa Masaka, alisema baba yake alimlipa fundi huyo kwa ndizi, wakati wa Amin. Jina la fundi hakulikumbuka.

Mpwa wa mzee alikuwa amepata mnunuzi kutoka nje, mtu anayekusanya magari ya zamani. Huyo alitaka kila bati liwe la kiwandani. Mpwa akaniambia: "Boss, huo mlango tupa. Kisekka hatukosi mwingine." Na ni kweli, soko la Kisekka ungeupata. Bei ya gari ingepanda, na malipo yangu yalikuwa yanangoja mauzo hayo.

Mzee akaniuliza: "Ssebo, wewe unasemaje?"

Nikamwambia: mzee, mlango wa kiwandani upo mwingi duniani. Huu upo mmoja. Nikamweleza pia kwamba ni mzito, utasumbua kupanga, na mnunuzi anaweza kukimbia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ubaki. Mpwa akaondoka bila kuaga.

Sasa kazi. Wengi wanaanza na kile kinachoonekana, wanafunga madigadi na boneti kwanza. Hapo utafukuza mwanya mpaka jioni. Land Rover hupangwa kutoka katikati. Kwanza shasi: tulipima kwa kamba, kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo vikilingana, shasi haijapinda. Na gari lisimame kwa magurudumu yake, mahali tambarare, maana ukiliinua katikati shasi inajikunja kidogo na mianya yote inakudanganya.

Pili, ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Huo ndio mama wa bodi. Milango inaning'inia juu yake, madigadi yanashikwa nao. Umekaa kwenye mikono ya shasi, boliti ndefu moja kila upande, na kwa kuongeza au kupunguza washa hapo unausogeza. Tatu, boksi la mizigo, bila kukaza. Nne, milango, kati ya ukuta na boksi. Ndipo kibanda na paa, na madigadi na boneti mwisho kabisa. Boliti yoyote isikazwe mpaka kila kitu kimekaa, na rangi isipakwe kabla ya majaribio.

Kwa mwanya natumia kijiti cha mbao cha milimita tano. Kikipita juu, katikati na chini bila kukwama wala kucheza, basi. Mlango wa kushoto ulikubali siku hiyohiyo. Wa kulia ulichukua siku nne. Kwanza bawaba: ukiinua mlango kwa mkono ulikuwa unacheza, tukabadilisha pini. Kisha washa. Kisha mkunjo: ule wa pipa ulikuwa chini ya wenzake kwa milimita sita hivi. Ukiupandisha mlango wote, mwanya wa juu unafungika. Basi tukaigawa tofauti. Mlango tukaupandisha kidogo, boksi tukalishusha kidogo, na madigadi tukayaacha yamalizie. Jicho husamehe mwanya mpana kidogo, halisamehi ngazi.

Madigadi yenyewe yalikuwa na bonde. Aluminiamu iliyopigwa sana huwa ngumu, ukiendelea kuipiga inapasuka. Tulipaka sabuni ya mche, tukapasha moto taratibu hadi sabuni ikawa nyeusi, tukaacha ipoe. Bati likalegea kama ngozi iliyolowekwa. Mwanafunzi wangu, kijana wa Fizi aliyezaliwa kambini, alifanya sehemu hiyo yote mwenyewe. Nilimwonyesha kama nilivyoonyeshwa Bukavu, na aliyenionyesha alionyeshwa na mwingine. Hakuna kitabu katikati.

Hapo ndipo ninapoona neno historia linatuhusu. Vitabu vitakuambia nani alichora Land Rover na nani alitia saini amri za 1972 na 1973. Nani aliyefanya magari yaendelee kutembea baada ya amri hizo, hawakuandika. Tukiutupa mlango ule, tunamfuta mtu kwa mara ya pili.

Mnunuzi alipopelekewa picha, alijitoa. Mzee ananilipa kidogokidogo, na bado hajamaliza. Sijutii, ila sitasema kwamba haikuniuma mwezi wa kodi.

Kabla ya kufunga bati la ndani la mlango, tuliandika kwa rangi nyeupe: chuma cha pipa, wakati wa Amin, fundi hajulikani. Chini yake mwaka, jina langu, jina la kijana, na maneno ambayo atakayeufungua baada yetu atayahitaji kuliko yote: washa tatu, mguu wa kulia, usiziondoe.